Baba, Kipande Chako cha Mwisho Kilifika

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka. Wewe Theodory Oswaldi, bwana afya wa zamani, mkazi wa Katandala. Baridi ya Juni imeishika tena Ufipa, na koti lako la kijani bado linaning'inia nyuma ya mlango. Mama hataki litolewe.

Wengi walikujua kwa ile baiskeli. Ulifunga boksi la kompyuta kwenye keria ya nyuma kwa mpira, ukalizungushia blanketi, kisha ukasukuma taratibu hadi kwa Ngeleja, mwenye duka la intaneti. Hukuwahi kuipanda ukiwa na mzigo huo.

"Mzee Theo, imekufa tena?" walikuuliza pale kwenye kona ya mafundi viatu.

"Haijafa. Inapeleka kazi."

"Kazi gani hiyo isiyo na mshahara?"

"Na wewe ukisali unalipwa?"

Walicheka, nawe ukacheka, ukaendelea kusukuma.

Tuwaeleze wasomaji, maana wewe ulieleza hadi ukachoka. Kompyuta hiyo ya mtumba uliinunua ulipopunguzwa kazini, ukawa unachapia watu barua na mitihani. Ilipokosa mteja hukuizima. Ulikuwa umesikia redioni kwamba wataalamu wa malaria wana hesabu kubwa kuliko mashine zao, hivyo wameikata vipande na kuwagawia watu wa kujitolea, ili kompyuta zao zipige hesabu wakati wenyewe hawana kazi nazo. Ukaomba kipande. Nyumbani hapakuwa na intaneti, hivyo ulikichukua kwa Ngeleja na kukirudishia huko huko. Kila kipande walipewa watu wawili wasiojuana, na majibu yakilingana ndipo yanapokelewa.

"Kuna mwenzangu mahali ananisubiri," ulikuwa ukisema.

Sababu hukuitaja, ila Mama aliijua. Ulipokuwa bwana afya kule Kirando, kando ya ziwa, uligawa dawa za malaria kijiji kwa kijiji, na siku moja ukarudi nyumbani ukamkuta Gift, kifungua mimba wenu, amezidiwa. Alizikwa huko huko ziwani. Hadi leo Mama anaitwa Mama Gift.

Mashine hiyo iliwahi kuwanunisha. Mama aliifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio, ili sebule ipendeze. Ikapata joto, ikajizima, na kipande kikachelewa.

"Mama Gift, hii nayo inapumua."

"Na mimi je, nitapumulia wapi? Sebule imekuwa kiwanda!"

Kitambaa kikahamia kwenye kiti chako. Kipo hapo mpaka sasa.

Siku ulipofariki, kipande kimoja kilikuwa kimebakiza kidogo tu. Wanawake wa jumuiya walipofika kutoa viti, shangazi Bertilla, dada yako, alizima redio, akazima televisheni, akazima na mashine yako, kisha akaifunika kanga. "Msibani hakuna video," alisema. Hakukosea. Ndivyo tulivyozoea.

Evodia, binti yako, alikuwa amerudi kutoka chuoni. Wewe mwenyewe ulikuwa umemwonyesha kwamba kipande hicho kilitakiwa kurudi kabla Jumamosi haijaisha. Alikaa mkekani katikati ya wanawake, akiitazama ile kanga. Angewezaje kuwaambia wakubwa wawashe kompyuta, na kaburi la baba yake bado bichi? Ijumaa, akimenya viazi na Mama jikoni, ndipo alipomnong'oneza.

Mama aliweka kisu chini. "Kwa hiyo yule mwenzake bado anasubiri?"

"Bado, Mama. Bila jibu la Baba, na lake halipokelewi."

Mama alifuta mikono, akaenda sebuleni. "Wifi, naomba tuwashe mashine ya kaka yako."

"Matanga hayajaanuliwa, Mama Gift!"

"Najua. Lakini kaka yako uliwahi kumwona akiacha kazi ya watu njiani?"

Shangazi aliitazama kanga. Kisha akaivuta kwa mkono wake mwenyewe. "Haya, washeni. Ila sauti iwe ndogo."

Haikuwa na sauti yoyote zaidi ya feni. Ilianzia pale ilipoachia.

Jumamosi mchana, Yonas, mwanao, alilifunga boksi kwenye baiskeli yako, kwa blanketi lako. Evodia alitembea nyuma akilishikilia lisiyumbe. Pale kwenye kona ya mafundi viatu hakuna aliyeuliza kama imekufa. Wanaume walisimama, wakavua kofia, baiskeli ikapita.

Ngeleja alichomeka waya. Tulisubiri. "Kimepokelewa," alisema mwishowe. "Majibu yamelingana."

Kisha akauliza, akiwa ameshika waya bado, "Nichomoe, au tuombe kingine?"

Evodia, ambaye hata kanisani husoma somo kwa sauti ya kunong'ona, alijibu hadi watu wa mashine za jirani wakageuka: "Omba! Kwa jina lake."

Vipande bado vinakuja kwa jina lako, Baba. Leo, baada ya misa, wageni watakaa sebuleni nasi mashine yako hatutaizima. Shangazi Bertilla kila akija huuliza kabla hata hajapewa kiti, "Ndugu yangu amefika wapi?" Tunamsomea asilimia.

Unakumbukwa na mkeo Rozina, Mama Gift. Wanao Evodia na Yonas. Dada yako Bertilla. Rafiki yako Ngeleja. Majirani na wanajumuiya wote wa Katandala. Na yule mwenzako wa mbali, ambaye hajui kama umeondoka.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni. Pumzika, Baba. Kazi inaendelea.