Mwiko Wangu Ulivyovushwa Kwenda Kamanga

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Naomi ndiye anayekusomea, na wewe umekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango, unamtazama usoni asije akaruka mistari. Naomi, nawe mbukwa, salamu zako mdogo wangu. Humu baruani kuna mahali pa aibu kidogo, usiparuke, soma tu. Mama, magoti yanaendeleaje? Mvua imeshafika huko Mpwapwa au bado mnaangalia mawingu yakipita? Na mwanangu Tabitha, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na nikisema mzima leo nina maana kubwa kuliko siku nyingine.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mama. Nilikwambia nimepata kazi ya kupika kwenye meli, ukanijibu kwamba mbuzi amezaa mapacha. Nikaona bora kalamu.

Meli yenyewe ni ndogo, ina vyumba vinane vya wageni. Inawachukua watalii hapa Mwanza, inawazungusha visiwani, Ukerewe na kwingineko, wanalala humohumo, siku ya nne inawarudisha. Pale hotelini nilipokuwa, niliaga na nafasi yangu akapewa mtu mwingine siku hiyohiyo, kwa hiyo nyuma hapakuwa na pa kurudi. Nilichofuata kwenye meli ni kitu kimoja. Mpishi akipita majaribio ya safari ya kwanza, anapewa chumba na sebule kwenye nyumba za wafanyakazi, juu kidogo ya gati. Unakumbuka maneno yako tulipomaliza msiba wa baba Tabitha. Ulisema, "Nenda katafute, mtoto atabaki na mimi, lakini humchukui kumpeleka kwenye chumba unacholala na wanawake wenzako watatu. Ukipata pako, uje." Mama, hayo maneno nimelala nayo miaka yote hii. Hiyo ndiyo meli niliyoipanda.

Sasa mtu wa Mpwapwa na meli wapi na wapi. Matayarisho tu yalinichosha. Kwenye jiko la melini kila kitu kinafungwa, sufuria zimezungushiwa vyuma juu ya jiko zisiteleze, sahani zinachomekwa kwenye mbao zenye matundu, chumvi na sukari lazima zikae kwenye makopo yenye kifuniko cha kukaza. Nikaenda mwaloni, kunakoshushwa samaki, kuchagua sato, nikanunua ndizi za Bukoba, mchele, tangawizi, nikapanga vizuri, nikajiona mpishi wa melini hasa. Nilifunga vyote, mama, isipokuwa tumbo langu.

Siku ya kujaribu injini tulitoka bila wageni. Bado naliona gati hivi, moyo ukaanza kunichafuka. Jasho la baridi, mate yakajaa mdomoni, kichwa kikawa kizito. Nikakimbilia ndoo, na mimi na ile ndoo hatukuachana mpaka tuliporudi. Mbaya zaidi, kesho yake asubuhi, meli imetulia imefungwa kamba, nikaweka samaki kwenye mafuta, harufu iliponipiga tu nikatoka mbio tena.

Msimamizi wa meli ni mama mmoja wa Kihaya, tunamwita Mama Koku. Mtu wa maneno machache. Aliniona asubuhi ile, akaniita pembeni, akafunga mlango.

"Perisi, wewe ni mtu mzima na mimi ni mtu mzima. Ya miezi mingapi?"

Nikamuuliza nini cha miezi. Akaniangalia tumboni. Naomi, endelea kusoma.

Mama, mimi mjane, ninayekwenda kanisani na kurudi, ninayelala na wenzangu watatu chumba kimoja, naulizwa hayo. Damu ilinichemka. Nikamwambia sina kitu, ni maji tu yamenivuruga. Akasema, "Maji huvuruga mtu akiwa majini. Leo umetapika meli imesimama. Nenda zahanati ukapime, uniletee majibu kabla wageni hawajafika. Mjamzito simpandishi, huko visiwani hospitali iko mbali." Nikasema sipimi, sijawahi kuitwa mwongo mbele ya macho. Naye akasema basi atatafuta mpishi mwingine. Nikatoka nimenuna, hasira zimenijaa, huku nikijua kabisa kwamba ninachokitupa si kazi tu, ni mwanangu. Lakini unanijua nikishapandwa na mori. Umenizaa mwenyewe.

Hapo ndipo akaingia kapteni. Anaitwa Masanja, Msukuma wa kule ng'ambo, Sengerema. Alipojua mimi Mgogo alifurahi kama aliyeokota ng'ombe, maana amepata mtani. Tangu siku ya kwanza hanisalimii kama watu wengine. "Mwangaluka, mtani. Leo umekuja kuomba nini?" Nami sikumwacha. Wasukuma wana matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikauke, na yeye hutembea navyo mfukoni. Nikawa namwambia nyie mnakula kama ng'ombe wanaomaliza mabua shambani. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Basi mchana ule, mbele ya wafanyakazi wote, akasimama akasema, "Jamani, msimsumbue mtani wangu. Mimba anayo kweli. Baba yake ni hili ziwa, na mtoto akizaliwa atakuwa sangara." Watu wakavunjika mbavu. Angesema mwingine, ningemrushia sufuria. Lakini mtani utamfanya nini? Nikacheka na mimi, machozi yananitoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko yote.

Niliporudi jikoni nikakuta mwiko wangu haupo. Ule alionichongea baba, mweusi, wenye mpini mrefu. Msaidizi wangu wa jikoni akaniambia kapteni ameuchukua na kuutuma, na ameacha ujumbe kwamba uko Kamanga kwa mke wake, anauza chai pale pantoni inapofika, na mwenye mali akaukomboe mwenyewe, asitume mtu. Nikasema ama kweli nimepatikana. Na sheria unaijua, mama. Mtani akichukua chako unakwenda kukomboa kwa kicheko, ukinuna umejiaibisha wewe na kabila lako.

Kwenda Kamanga ni kuvuka maji. Siku hizi watu wengi wa Sengerema wanazunguka kule Busisi, wanapita darajani miguu mikavu, nami nilitaka kufanya hivyohivyo. Kapteni alikuwa tayari ananisubiri gatini. "Mwiko umepita majini," akasema, "na wewe utapita majini."

Tukapanda pantoni. Mimi mbio nikatafuta kiti ndani, nikainamisha kichwa magotini. Akanikatalia.

"Hapohapo ndipo unapoharibu. Simama. Njoo mbele penye upepo. Usitazame maji yanavyopita ubavuni, tazama vile vilima vya Sengerema, vile havitikisiki. Magoti yaachie yalegee, meli ikiinama na wewe inama. Na asubuhi ulikula nini?"

"Sikula. Mtu anayetapika ale nini?"

"Ndiyo maana. Tumbo tupu linapiga kelele. Shika."

Akanitolea matobolwa mfukoni. Mama, nilitafuna kile chakula cha ng'ombe mbele ya mwenyewe, naye hakusema neno, na huko kutosema ndiko kulikoniuma. Ni vikavu, vitamu kidogo, unatafuna polepole mpaka mate yanatulia. Katikati ya maji nilitapika mara moja, kidogo. Kisha nikakaza macho kwenye vilima, nikatafuna tena. Tulipofika ng'ambo nilishuka kwa miguu yangu.

Mke wake, Mama Kabula, alikuwa ameukalia mwiko wangu. Akasema hautoki mpaka niupikie. Nikasonga ugali palepale gengeni, nikatengeneza mlenda kutoka kwenye ule unga wa majani ulionitumia, maana huwa natembea nao kama wengine wanavyotembea na tumbaku. Wakala, wakaniambia ni utelezi tu, wakaongeza. Mimi mwenyewe nilimaliza sahani mbili, pembeni yangu samaki wanakaangwa, na tumbo kimya. Mama Kabula alikuwa ananitazama muda wote.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nimeona huna mimba. Lakini kapime."

Nikamwambia siwezi kupimwa kama mtoto wa shule.

"Mama Koku hakukutukana," akasema. "Mdogo wake wa kuzaliwa naye alishikwa uchungu kwenye boti, wanatoka kisiwani kutafuta hospitali. Walifika na maiti mbili. Mama Koku ndiye aliyemshika njia nzima. Tangu hapo akiona mwanamke anatapika karibu na maji, akili yake inakwenda huko. Huwa hasemi. Nami nisingekwambia, ila naona utapoteza kazi kwa ajili ya kiburi."

Nilisuuza sahani ileile mara ya pili, mama. Nilidhani kule nyuma ya mlango alikuwa ananihukumu, kumbe alikuwa anaogopa.

Kesho yake nikaenda zahanati kwa miguu yangu, nikapima, nikampelekea majibu. Sikuwa nacho kitu, kama nilivyosema, lakini sikumwambia "si nilikwambia." Nilimwambia, "Asante kwa kunijali, dada." Akainama kusoma kile kikaratasi, akakaa nacho muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwepo. Kisha akasema, "Haya. Wageni wanakuja Ijumaa, nenda kapange stoo." Siku zilizobaki nilivuka Kamanga na kurudi kila nilipopata nafasi, mpaka wakata tiketi wakanizoea wakadhani nina biashara huko.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wageni wakaja, wengi wazee wa Kizungu, na mwalimu mmoja mstaafu wa Arusha na mkewe, watoto wao wamewalipia safari. Siku mbili za kwanza ziwa lilikuwa limelala. Siku ya tatu mchana, tumetoka Ukerewe, upepo ukaamka. Meli inapanda, inashuka, sufuria zinagonga vile vyuma. Nilikuwa na wali jikoni na mchuzi wa sato. Nilitapika, mama, sitakudanganya. Nikanawa, nikatoka kidogo mlangoni, nikautafuta mlima wa kisiwani kwa macho, nikatafuna tobolwa, nikarudi kwenye sufuria yangu. Chakula hakikuungua.

Mke wa yule mwalimu ndiye aliyeshindwa kabisa. Nilimkuta chumbani amejikunja, anasema afadhali afe. Nikamwambia, "Mama, hapa ndani hutapona, twende juu." Nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele penye upepo, nikamwonyesha nchi kavu, nikampa tangawizi ya moto kwa kijiko na kipande cha tobolwa. Nilimwambia magoti ayaachie. Nilikuwa nasikia maneno ya Masanja yakitoka kinywani mwangu. Baada ya muda rangi ikamrudia, akaniuliza kama mimi ni mtu wa ziwani. Kapteni alikuwa anasikia kule kwenye usukani, akajibu kabla yangu, "Amezaliwa humuhumu, bibi, kwenye mtumbwi." Mama Koku alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka. Sikujua kama anaweza kucheka.

Tuliporudi Mwanza, wageni walipokwisha kushuka, Mama Koku akanipa ufunguo. Hakutoa hotuba. Aliniambia tu bomba la uani linavuja, nisilikaze sana.

Mama, nimeshafagia. Chumba kina dirisha la ziwani na sebule ina dirisha la barabarani. Shule iko karibu, hata barabara kubwa mtoto havuki. Nikiwa safarini, atalala kwa Mama Kabula, ambaye yeye na mumewe wanahamia nyumba ya tatu kutoka yangu mwezi huu, na binti yao Kabula analingana na Tabitha. Nimeuliza yote ambayo wewe ungeuliza.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi mwaka huu nimepewa marafiki nisiostahili. Lakini nilipokaa peke yangu kwenye sakafu ya kile chumba, niliyemfikiria ni wewe. Hao wamenishika siku chache nisianguke. Wewe umemshika mwanangu tangu hajaota meno yote. Umemuuguza, umemsuka, umempeleka shule kwa magoti hayohayo. Asante, mama. Asante ni neno dogo na sina jingine.

Kwa hiyo naomba unachojua naomba. Naogopa kukiomba, maana najua nyumba itakavyokuwa kimya, na najua jambo jingine ambalo hatujawahi kulisema. Tabitha wewe ndiye anayekuita mama. Mimi nikija ananiita dada Perisi, kama anavyomwita Naomi dada Naomi. Usimkataze, na usimfundishe kuniita vingine. Ila kwamba anakuja kuishi kwangu, mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo Naomi na siyo hii barua. Na usimlete ukamwacha. Njoo naye, ukae, mpaka siku atakayolala bila kukuulizia. Ikiwa siku hiyo haitafika, basi, sebule ni kubwa, na kitanda cha pili nimeshanunua.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, shangazi wa kwaya na sauti yake, mama mchungaji, na jirani yetu mwenye mizabibu. Naomi, asante kwa kusoma bila kuruka. Mbuzi na mapacha wake pia wasalimie.

Ni mimi mwanao,
Dada Perisi wa Tabitha