Kiti Alichokiokota Tonton Asani

Kisangani, wakati wa mvua

Mama yangu mpendwa,

Nakupa mkono kutoka mbali, nawe uupokee. Unaamkaje huko Kasongo? Magoti yamepata nafuu? Papa bado anakohoa? Sisi hapa ni wazima. Kazi ya kushusha magunia bandarini inanikata mgongo, lakini tunakula, na tumbo la mke wangu Mwavita sasa kila mtu analiona.

Leo nataka nikueleze habari za ndugu yako, tonton Asani. Nafikiri umeshasikia kwamba alitaka kuacha useremala akawe mlinzi wa duka moja mjini. Ni kweli. Siku hizi kila mtu hapa anataka viti vya chuma vya dukani. Kikivunjika kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Kwa tonton watu walikuwa wanapita, wanasalimia, basi. Nilikuwa namkuta ananoa patasi zisizokuwa na kazi.

Ijumaa moja tulikuwa tunatoka msikitini pamoja. Tulipofika kwenye jalala nyuma ya nyumba ya Papa Likenge, karani jirani yetu, tonton akasimama. Kiti cha mbao kilikuwa kimelala juu ya maganda ya ndizi, mguu mmoja umevunjika. Akakipindua, akapitisha kidole chini yake.

"Hii ni mukono yangu," akasema. "Nilikitengeneza wewe ukiwa haujafika Kisangani."

Nilidhani atakasirika. Alikitia kichwani tu, akashika njia ya karakana yake.

Kesho yake nilikaa naye karakanani. Mama, ningependa ungemwona. Kiti ni cha libuyu, ile mbao nyekundu inayotoka msitu wa njia ya Bengamisa. Alitafuta sana mpaka akapata kipande ambacho mistari yake inafuatana na ya kiti. Akachonga, akajaribu, akatoa, akapunguza kidogo tena. Mguu ulipoingia kwenye tundu lake ulitoa sauti ndogo, kama mlango unaofungwa polepole. Hakutia msumari hata mmoja. Mimi ambaye mikono yangu inajua magunia tu, niliupapasa ule mguu nisione ulipoungwa.

Jumapili tukakirudisha. Papa Likenge alikuwa barazani, amekalia kiti kipya cha chuma.

"Tonton, ulijisumbulia nini? Ile tulishatupa," akasema kwa sauti ya chini. "Viti iko mingi ku duka."

"Najua. Sitaki malipo. Nimekirudisha tu."

Hapo mama yake Likenge, mwanamke mzee wa kabila la Wagenia, wavuvi wa mto hapa, ambaye macho yake yamefifia, akatoka ndani akishika ukuta. Akakipapasa kiti, mgongo, mikono, mpaka kwenye miguu.

"Likenge, uliniambia kiti yangu iko kwa fundi," akasema. "Mimi nilifikiri unanidanganya."

Papa Likenge akaangalia chini. Aliyejibu ni tonton.

"Ilikuwa kwangu, mama. Nilichelewa nayo. Unisamehe."

Mama yule akaketi, akaegemea, akafumba macho. "Mutu anayejua kazi hata akichelewa, tunamungojea," akasema.

Papa Likenge akatusindikiza mpaka barabarani. Habari ya kiti hakuigusa tena. Alimuuliza tonton tu kama anaweza kumtengenezea mama kitanda cha mbao hiyohiyo.

Bon, Jumatatu mtumishi wa lile duka akaja kutaka jibu la kazi ya ulinzi. Akamkuta tonton ameinamia ubao mrefu.

"Shika huku kwanza, nipime," tonton akamwambia.

Yule mtu akashika. Walipomaliza kupima, aliondoka bila kuuliza tena.

Nisalimie papa, dada yangu Zuhura na bwana yake, na bibi mzaa papa. Mwambie bibi kwamba Mwavita anaomba amchagulie mtoto jina. Tonton naye anakusalimu sana. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, akasema mikono yake imejaa vumbi la mbao, niandike mimi.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Amisi