Pamba Imetoka Nzima

Mama,

Uji nimeufunika jikoni. Kioo chako nimekirudisha ukutani.

Tangu uso wangu upooze upande mmoja, kila asubuhi nakanda shavu na kujaza upepo mdomoni kama mtaalamu wa mazoezi alivyonifundisha. Nikisema "pamba", upepo unavujia pembeni. Leo imetoka nzima. Nikairudia mpaka Ngassa akalalamika kitandani: "Dada, tumesikia. Sasa kaiuze."

~~Ngassa aende Dutwa na mzigo wa pamba.~~ Naenda mwenyewe. Yule mnunuzi binafsi alitaka nimletee mtu anayeongea vizuri; leo mtu huyo nimempata: ni mimi.

Jicho moja bado halifungi. Nikipepesa, atadhani namkonyeza. Mkisikia hivyo, msiamini.

Binti yako mwenye mdomo