Mavazi ya Sungura wa Nasra

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Nasra,

Mungu akulaze pema huko uliko. Leo ninalo la kujivunia, na mwenye haki ya kulisikia kwanza ni wewe.

Unakumbuka tulivyoishi? Ua mmoja, milango miwili, mwaka wa tatu hatuzidishi salamu. Kisha mume wetu akamnunulia Nasra midoli ya mtumba, familia ya sungura: baba, mama na watoto wawili, wadogo kama vidole, wenye manyoya laini kama mahameli. Nguo hawakuwa nazo. Mtoto akaniletea mimi.

"Mama Mkubwa, wako uchi."

Nikamshonea baba sungura kanzu kwa kipande kilichobaki cha kanzu ya mume wetu. Kesho yake Nasra akairudisha imefumuliwa.

"Mama anasema masikio hayapiti."

Nilikasirika, nakiri. Miaka yote ile nawashonea watu hapa Bagamoyo, leo unikosoe wewe? Lakini nilipoigeuza, nikaona umeipasua mgongoni na kuitia kishikizo kidogo kama punje ya mtama. Ikamkaa vizuri kuliko nilivyowaza. Hata hivyo sikukubali kushindwa. Nikafuma kofia yenye matundu mawili ya masikio, nikampa mtoto akuletee.

Alasiri ile ulikuja mwenyewe, sindano mkononi, ukasimama mlangoni.

"Dada, nifundishe hayo matundu."

Nikakusogezea mkeka. Tukashona gauni, kanga, mpaka buibui la mama sungura, huku tukicheka hadi mume wetu akawa anauliza kuna nini humo ndani.

Ulipofariki, Nasra alikuwa na miaka kumi. Nikamlea, nikamkalisha kwenye cherehani yangu. Sasa ana duka lake la ushonaji karibu na soko, na wale sungura wamo kwenye kabati la kioo, wamevaa. Wateja huwapiga picha. Kazi yake nimeikagua mwenyewe, na unanijua: sijaona mshono uliopinda.

Jana alikuja bibi harusi kutoka Miono kuchukua gauni lake. Alijitazama sana kwenye kioo, kisha akamuuliza Nasra alijifunzia wapi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, natoa nyuzi. Binti yetu akajibu bila kuinua kichwa:

"Kwa mama zangu."

Yule mgeni akanitazama mimi, akatazama huku na huku akimtafuta wa pili. Nikamtajia jina lako.

Pumzika, mwenzangu. Kazi yetu imesimama imara.

Mke mwenzio,
Mama Mkubwa wa Nasra