Upande wa Madirisha

Zuhura mwenzangu,

Nimekukasirikia, na nakwambia kabla ya salamu. Barua hii naandika mwenyewe, kwa herufi zile ulizonichorea kwa kidole chenye maji kwenye sakafu ya ofisi, zikikauka kabla sijazishika. Shule sikuona hata mlango wake. Usicheke mwandiko.

Aisha wako alinipigia saa sita, nikiwa kazini Hurlingham. "Mama Nafula, mama ametutoka." Nikalia, nikapangusa macho, nikaendelea kupiga deki. Kwetu magharibi maiti hungoja, Zuhura. Hungoja watoto wafike, ng'ombe apatikane, watu wagombanie hema. Nilijua nyinyi Waislamu mnaharakisha. Lakini haraka ya kwetu ni kuzika Jumamosi! Basi asubuhi yake nikashuka tao madukani kwanza, nikanunua leso na sukari ya matanga, nikaja kwenu Mountain View nimejiandaa kulia. Aisha akaniambia, "Tulimzika jana alasiri." Nikakaa kwenye ngazi, sukari mapajani. Hata uso wako sikuuona.

Unakumbuka siku ya kwanza, ule ukumbi mrefu wa ghorofa ya tatu? Nilianza mbio, nikuonyeshe nguvu. Ukaniita: "Mama Nafula, si mashindano! Twende sanjari." Nikauliza hilo ni tusi gani. Ukasema marehemu baba yako, mtu wa bandarini Mombasa, alikufundisha kwamba sanjari ni vyombo vinavyosafiri pamoja bila kuachana. Kisha neno likatoka majini, likawa la mambo yoyote yanayotendeka wakati mmoja. "Kama sisi," ukasema. Wewe madirishani, mimi milangoni, kinyumenyume mpaka kwenye ngazi, sakafu nzima ikikauka mara moja.

Sasa napiga deki peke yangu. Nikifika upande wako, wangu umeshakauka, na mstari unabaki katikati ya ukumbi. Msimamizi akaniuliza, "Mama, hii mstari ni ya nini?" Nikamwambia aangalie dari. Ameniletea mama mmoja, Rose, mwenye mtoto mchanga. Siku mbili namkataa. Leo msimamizi amesema nikimkataa tena kesho, Rose atapoteza kazi.

Ndipo nikawaza. Alasiri ile, walipokuwa wakikushusha, mimi nilikuwa wapi? Ghorofa ya tatu. Nimemaliza upande wangu, nimeanza wako. Kwa hivyo sikukukosa, eti? Tulikuwa sanjari? Natamani uniambie kwa mdomo wako. Natamani hata unitukane.

Kesho namchukua Rose, nakuahidi. Nitamfundisha neno lako, na habari za baba yako na vile vyombo vyake. Lakini milangoni atashika yeye. Madirishani nitakuwa mimi, pale pako, nikirudi nyuma polepole asije akaachwa.

Leso niliyokununulia najifunga mimi. Lala, Zuhura. Umeniweza.

Mama Nafula