Ache Nini?

Runingu, 9 Oktoba 2023

Tantine Generose,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nilimdanganya mama. Sasa naweza kukusalimu. Huko Kampala mko wazima? Watoto wameacha kukohoa? Sisi tuko, ila mama hayuko sawa. Simu ya nyumbani anaishika yeye, ndiyo maana naandika barua.

Mwezi uliopita daktari mgeni alipita kwenye kituo cha afya, hajui Kiswahili wala Kifaransa. Kwa kuwa nimemaliza shule, wauguzi wakanisukuma mimi nitafsiri. Mama akasema, "Moyo inaniuma." Nikalisema hilo kwa Kiingereza changu kidogo. Daktari akampima, akaandika karatasi, akaenda zake.

Nyumbani mama aliisoma kwa kidole. Kwenye neno moja akasimama. "Hii ni Kiswahili. Ameandika *ache*. Niache nini, Délice?"

Sikulijua neno lile. Diplome yangu ya shule iko ukutani na sikulijua. Niliona haya, nikasema, "Uache kulima."

Ameacha. Mvua imeanza, wenzake wanapanda mahindi, yeye anakaa mkekani ameshika kifua, anasema anangoja siku yake. Karatasi inasema: *heart ache*. Huo ni ugonjwa gani?

Mtoto wako,
Délice

Kampala, 16 Oktoba 2023

Délice mwanangu,

Watoto wamepoa, nami ni mzima. Mama yako, dada yangu, anakula?

Neno hilo linatamkwa "eik". Maana yake ni kuuma. Jino, mgongo, tumbo, vyote wanavisemea hivyo. Wakilitia kwenye moyo, mara nyingi ni huzuni ya kumkosa mtu. Daktari alimrudishia mama yako maneno yake mwenyewe. Aliyemnyang'anya jembe ni wewe. Mwambie leo.

Na kaka yako Rémy, tangu alipokwenda Zambia bila kuaga, ameandika?

Tantine yako,
Generose

Runingu, 29 Oktoba 2023

Tantine,

Nafurahi watoto wamepoa. Mama anakula kidogo. Rémy hajaandika.

Nilimwambia mama kwamba nilikosea, neno ni kuuma tu. Akaniangalia. "Weye na diplome yako." Kisha akauliza, "Kuuma ya jino, ao kuuma ya Rémy?" Nikasema kwa Kiingereza ni neno moja. "Basi nabo hawajue," akasema, akaomba jembe.

Tulipanda mistari mitatu. Kwenye wa nne akakaa chini, mkono kifuani. Nikamuuliza inauma namna gani. "Unaniuliza minye? Daktari si ni weye." Alicheka, lakini jasho lake lilikuwa baridi.

Sielewi tena, tantine. Labda uongo wangu ndio uliokuwa unamlinda. Kesho nampeleka hospitali mjini Uvira, nitaeleza yote mawili, kifua na Rémy, waamue wao.

Ila jana nilimwandikia Rémy kwamba moyo wa mama unamuua, arudi. Sijui kama nimesema kweli. Akikupigia kuuliza, usimwambie kwamba sijui. Wala mama asisikie. Libaki kwako.

Mtoto wako,
Délice