Treni ya Jumamosi Ijayo

Nyumba za Nyuma ya Stesheni,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, cherehani ya kiwandani inanitesa mgongo, lakini nashona hivyo hivyo. Mama afya anayo, moyo ndio umemvunjika.

Kaka, kaa chini kwanza. Mama mdogo ametutoka. Tulimpoteza Jumatano, na mama hakuwahi kumwona.

Unajua kwa mama mdogo hakufikiki ila kwa reli. Treni yenyewe siku hizi watu wameibatiza Bibi Harusi, kwa jinsi inavyosubiriwa. Inapita ikijisikia. Tangazo lake ni karatasi moja kwenye dirisha la tiketi. Usipoiona, shauri yako.

Mama aliposikia mdogo wake amezidiwa, alikwenda stesheni mwenyewe. Karatasi ilisema treni itaondoka "Jumamosi ijayo asubuhi". Tarehe haikuwepo. Akarudi mbio kufunga mzigo, akampelekea mdogo wake salamu kwamba yuko njiani.

Jumamosi tukakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Dirisha limefungwa, wa kumuuliza hakuna. Mwishowe akatokea mfagiaji.

"Mama, hiyo ilishaondoka wiki iliyopita. Karatasi hawajaibandua tu."

"Si wameandika ijayo?"

"Ndiyo, mama. Ila ijayo yenyewe imeshapita."

Nilipandwa na hasira. Mama aliokota mzigo wake, akatangulia nyumbani.

Bibi Harusi alikuja baada ya mazishi, bila karatasi yoyote. Tulisikia honi tu. Mama akapanda na nguo za jikoni, nami nikamfuata.

Jirani aliyemuuguza mama mdogo alitueleza kuwa kila jioni alikuwa akikataza mlango usifungwe. "Acheni wazi, dada yuko njiani." Mama aliposikia hayo, alikaa pale pale sakafuni. Nilishindwa kumwinua, kaka. Nilikaa naye tukalia.

Baba mdogo anakusalimu sana, na Fundi Redio wa jirani pia. Tusalimie wifi na watoto. Mungu akufunike kwa rehema zake huko uliko.

Ile barua yako ya kwamba utakuja mwezi ujao sijamwonyesha mama. Siwezi. Wewe njoo tu, usitutajie siku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.